Ufa wa Kuziba na Ufa wa Kuacha

Mazungumzo juu ya nyumba, moto na afya katika sehemu za Kajiado na Kitengela



Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, na kila mtu aliyepata kulala chini ya paa linalovuja ayajua vema. Lakini yako maarifa mengine ambayo hapana budi yafuatane na methali hiyo, nayo ni haya: si kila tundu lililo katika nyumba ni ufa. Liko tundu la kuziba, na liko tundu la kuacha. Mtu asiyeweza kuyapambanua hayo mawili aweza kujiua yeye na watoto wake katika usiku mmoja, hali akidhani ya kuwa anawatunza.

Mazungumzo haya yahusu jambo hilo. Yahusu namna mtu mwenye mapato madogo awezavyo kuitengeneza nyumba yake ili mvua, jua na baridi visimsumbue, na namna awezavyo kutumia kuni, makaa, gesi na umeme pasipo kupoteza fedha wala afya. Mifano itatwaliwa katika sehemu mbili zilizo jirani, yaani Kajiado na Kitengela, kwa sababu humo zimo nyumba za namna mbili zisizofanana kabisa, na kila namna ina funzo lake.

Hali ya nchi

Nchi ya Kajiado ni uwanda mpana wenye miti michache na upepo mwingi. Mji wa Kitengela uko upande wa kaskazini wa uwanda huo, karibu na Athi River, katika barabara iendayo Namanga. Na mji wa Kajiado uko mbele zaidi katika barabara hiyo hiyo. Watu wa mbali wakisikia habari za nchi kavu hudhani kwamba joto ndilo adui peke yake. Sivyo. Miji hii iko juu, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu hulifunika jua, na baridi ya usiku hupenya mpaka mifupani. Mvua kubwa hutazamiwa kati ya Machi na Mei, na mvua ndogo kati ya Oktoba na Desemba, nazo zikija mara nyingi huja kwa nguvu.

Basi nyumba ya sehemu hizi ina maadui watatu wanaotoka nje: jua la mchana, baridi ya usiku, na mvua ya ghafula. Adui wa nne hatoki nje. Yumo ndani pamoja na watu, naye ni moshi na hewa mbaya itokayo katika moto. Kosa la watu wengi ni kupigana na wale watatu kwa namna inayompa nguvu yule wa nne.

Nyumba ya Wamasai

Katika desturi ya Wamasai, mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba. Yeye husimamisha fito, mara nyingi za leleshwa, akazipinda na kuzifunga, kisha akazisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Paa huwa chini sana, hata mtu mrefu hawezi kusimama wima ndani yake. Mlango una kona, ili upepo usiingie moja kwa moja, na mahali pa dirisha pana kitundu kidogo tu.

Watu wanaoidharau nyumba hiyo hawaijui kazi yake. Kuta zake nene huzuia jua la mchana na kuhifadhi joto la usiku. Kitundu chake kidogo huzuia upepo na nzi. Vifaa vyake havikununuliwa dukani, na mafundi wake hawakuagizwa kutoka mbali. Ilikuwa nyumba iliyowafaa sana watu waliofuata malisho, wakikaa mahali kwa miaka michache kisha wakahama.

Lakini ilikuwa na kasoro mbili, na mama wa nyumba alizijua kuliko mtu mwingine yeyote. Ya kwanza ni kuvuja. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ilimpasa kutoka nje gizani na kuziba kwa mavi mabichi mahali palipobomoka, huku watoto wakilia ndani. Ya pili ni moshi. Moto wa mafiga uliwaka katikati ya nyumba kwa saa nyingi, na moshi haukuwa na njia ya kutosha ya kutokea.

Kisha nchi ikabadilika. Kwa sheria ya mwaka 1968 ardhi ya Wamasai ilianza kugawanywa katika mashamba ya vikundi, na baadaye mashamba mengi ya vikundi yakagawanywa tena kwa mtu mmoja mmoja. Shamba la kikundi la Kitengela liligawanywa mwaka 1988. Watu wengi wakatulia mahali pamoja, karibu na shule na zahanati. Nyumba iliyokuwa ya miaka michache ikawa nyumba ya maisha yote, na kasoro iliyoweza kuvumiliwa kwa muda ikawa mzigo wa daima.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, shirika la Intermediate Technology Development Group, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya kazi pamoja na wanawake wa Kajiado kutafuta njia ya kuitengeneza nyumba hiyo pasipo kuitupa. Njia mojawapo ilikuwa ya paa. Wavu wa nyaya, kama ule wa mabanda ya kuku, hutandazwa juu, kisha hupakwa tabaka jembamba la saruji na mchanga. Paa la namna hiyo halihitaji kuzibwa kila mvua ikinyesha. Tena maji yake huweza kukingwa, na katika nchi kavu kama Kajiado pipa moja la maji ya mvua ni safari moja ya kisimani iliyoepukwa. Na jambo kubwa zaidi ni hili: mwanamke hakunyang'anywa kazi yake ya ujenzi, bali aliongezewa ufundi.

Moshi na watoto

Baada ya paa kulikuwako jambo la moshi. Kati ya mwaka 1998 na mwaka 2001 shirika lile lile lilifanya majaribio katika nyumba za Kajiado na za magharibi ya Kenya. Moshi wa ndani ulipimwa kwanza kwa vyombo. Kisha wenye nyumba wenyewe wakashauriana juu ya njia za kuupunguza. Na baada ya kazi moshi ukapimwa tena. Wengine waliongeza madirisha, wengine waliacha nafasi kati ya ukuta na paa, na wengine walitengeneza dohani ya bati, yaani kifuniko kipana kinachoning'inia juu ya mafiga, chenye bomba la kuupeleka moshi nje.

Dohani ndiyo iliyofaa kuliko zote. Katika nyumba zilizoitumia, moshi ulipungua kwa zaidi ya nusu. Na sababu yake si ngumu kuelewa. Dirisha kubwa hutoa moshi, lakini pia huingiza upepo na baridi, na mama mwenye mtoto mchanga hulifunga jioni, saa ile ile anayopika. Dohani huutoa moshi mahali unapotoka, kabla haujaenea nyumbani, nayo haimlazimishi mama kuchagua baina ya baridi na moshi. Shida yake ilikuwa bei, kwa maana bati na kazi ya fundi havipatikani bure.

Je, moshi ni neno la kuhangaikiwa kiasi hicho? Wako wazee wanaosema, "Tulikulia ndani ya moshi, na tungali hai." Lakini wale wasiokua hawapo kusema. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hapa Kenya, wataalamu Majid Ezzati na Daniel Kammen walizichunguza jamaa za Mpala, katika Laikipia, na mwaka 2001 wakaeleza waliyoyaona: kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi zaidi, ndivyo alivyopata magonjwa ya kifua mara nyingi zaidi. Mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake ndio walio karibu na moto kupita wote.

Chumba cha Kitengela

Sasa iangalieni nyumba ya namna ya pili. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nchi za nje lilianzishwa Athi River mwaka 1990, na viwanda vya saruji vilikuwa karibu. Maelfu ya watu walikuja kutafuta kazi, nao wakahitaji mahali pa kulala. Hivyo Kitengela, iliyokuwa kituo kidogo cha wafugaji, ikawa mji mkubwa. Mfanyakazi wa mshahara mdogo hupanga chumba kimoja, cha mabati matupu au cha mawe chenye paa la mabati. Humo hulala, hupika, huoga na kuweka mali yake yote.

Bati ni kitu chema. Halivuji likipigiliwa vizuri, wala halioti moto. Lakini ni jembamba mno, na halina nguvu ya kuzuia joto. Saa sita ya mchana hupokea joto la jua na kulimwaga juu ya vichwa vya watu. Usiku hulipoteza joto lote la chumba kwenda mawinguni, likapoa kuliko hewa yenyewe, na asubuhi matone ya maji huanguka kitandani, ijapokuwa mvua haikunyesha. Nyumba ya zamani ya udongo ilimzidi mpangaji huyu kwa jambo hilo: ilijua kutunza joto.

Mfikirieni, basi, mpangaji mmoja wa Kitengela, mwenye mke na watoto wawili, katika usiku wa Julai. Ametoka kazini, upepo wa uwandani unavuma, na chumba ni baridi kama kisima. Anasikia upepo ukipita katika nafasi iliyo kati ya ukuta na bati. Akumbuka methali ya wazee. Atwaa matambara na magazeti makuukuu, na kuiziba nafasi ile. Akunja gunia na kuliweka chini ya mlango. Jiko limekwisha kupikia. Makaa yamekuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Aona ni hasara kuyamwaga maji. Aliingiza jiko ndani, alisogeza karibu na kitanda, na wote wakalala katika joto zuri. Asubuhi majirani hugonga mlango, wala hakuna aitikaye.

Kisa hicho ni mfano, lakini si ndoto. Habari za namna hiyo husikika katika Kenya majira ya baridi yanapofika. Mtu huyo hakuwa mlevi wala mzembe. Alikuwa baba mwema aliyeziba ufa ambao ulimpasa kuuacha.

Hewa isiyoonekana

Yafaa kila mtu aelewe kilichotokea katika chumba kile. Makaa yakiungua mahali penye hewa kidogo, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ikiingia mapafuni, hushikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni. Damu huwa kama gari lililojazwa mzigo usiofaa: lingali latembea, lakini halina nafasi ya kuchukua kile mwili unachohitaji. Mtu aliyelala haamshwi na jambo lolote. Usingizi wake huzidi tu, mpaka haamki tena.

Ziko imani kadha wa kadha ambazo lazima ziachwe. Wengine husema makaa mekundu yasiyo na moshi hayadhuru. Kumbe ndiyo yanayodanganya, kwa sababu hatari haionekani. Wengine huweka bakuli la maji karibu na jiko, wakidhani kwamba maji huinyonya sumu. Maji hayafanyi kazi hiyo. Wengine husema jiko la kisasa lililokandikwa kwa udongo ni salama kwa kuwa latumia makaa machache; jiko hilo ni zuri kwa kupikia, lakini makaa ni makaa.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa viungo. Watu kadha waliomo katika chumba kimoja wakishikwa na dalili hizo pamoja, penye jiko linalowaka, wasingoje kuuliza kama ni malaria. Watoke nje mara moja. Aliyezimia achukuliwe mpaka mahali penye hewa safi, na apelekwe hospitali bila kukawia, na daktari aambiwe kwamba palikuwa na jiko la makaa chumbani. Na anayeingia kuwaokoa wengine afungue mlango na madirisha kwanza, asije akaanguka yeye pia.

Kanuni yenyewe ni fupi, na hata mtoto aweza kuikariri: jiko la makaa halilali na watu.

Kuziba panapofaa

Basi mtu afanye nini na baridi? Jibu ni kwamba joto na pumzi ni mambo mawili, na kila moja lina mahali pake. Joto huzuiwa paani, ukutani na kitandani. Pumzi hupita katika matundu yaliyotengwa kwa ajili yake.

Kazi ya kwanza ni paa, maana huko ndiko joto jingi linakopita. Matundu ya misumari yazibwe kwa lami au kwa mpira. Chini ya bati iwekwe dari, hata ikiwa ni ya mbao nyembamba, ili hewa iliyo kati ya dari na bati iwe kama blanketi. Dari hiyo hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku pia. Makatoni na nailoni vyaonekana rahisi, lakini hushika moto upesi. Havifai kamwe mahali panapopikiwa.

Kazi ya pili ni ukuta na mlango. Nyufa za ukuta zisiribwe. Ubao au kitambaa kinene kiwekwe chini ya mlango. Mwenye kiwanja chake apande miti upande unaotoka upepo, na aongeze ukingo wa paa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta.

Kazi ya tatu ni kuacha. Karibu na paa, katika kuta mbili zinazoelekeana, yaachwe matundu ya kupitisha hewa, nayo yafunikwe kwa wavu wa nyaya ili panya na mbu wasiingie. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo tundu la juu huitoa hewa chafu, wala upepo wake haumpigi aliyelala chini. Tundu hilo lisizibwe kamwe, wala kwa tambara, wala kwa gazeti, wala kwa siku moja tu ya baridi kali.

Kazi ya nne ni kuupasha moto mwili badala ya chumba. Blanketi la pili hununuliwa mara moja na kutumika miaka mingi. Makaa ya kuota hununuliwa kila jioni na kuwa majivu asubuhi. Godoro liinuliwe kutoka sakafuni, maana saruji hunyonya joto la mwili. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, humpasha mzee miguu pasipo hatari ya moto wala ya sumu.

Wapangaji watasema, na kwa haki, ya kwamba nyumba si yao. Mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mtu mwingine. Basi neno hili liwafikie wenye nyumba pia. Matundu mawili yenye wavu, yakiwekwa siku nyumba inapojengwa, ni gharama ndogo sana. Mwenye nyumba anayeyasahau ameokoa fedha kidogo kwa kuhatarisha roho za wale wanaomlipa kodi.

Moto wa fedha kidogo

Jambo la pili la mazungumzo haya ni moto wenyewe. Mwezi wa Agosti 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya ulifanyika Nairobi, na katika miaka iliyofuata mafundi na wataalamu wa Kenya walitengeneza jiko jipya la makaa. Umbo lake lilitokana kwa sehemu na majiko ya Thailand: nje ni bati, na ndani ni chungu cha udongo uliochomwa. Udongo ule huzuia joto lisipotee ubavuni, hivi kwamba jiko hilo likitumiwa vizuri hupunguza makaa kwa theluthi moja, na hata karibu nusu, likilinganishwa na jiko la zamani la bati tupu. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza na kulieneza.

Mpishi mwenyewe aweza kuokoa zaidi. Kuni ziwe kavu, na zipasuliwe vipande vidogo. Sufuria ifunikwe. Maharage na mahindi makavu yarowekwe tangu jana yake. Kadhalika kiko kikapu cha kupikia pasipo moto, ambacho mama yeyote aweza kukitengeneza: kikapu kikubwa kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu pande zote, chenye mto wa kukifunika. Chakula huchemshwa motoni, sufuria yake ikiwa imefunikwa, kisha huwekwa ndani ya kikapu, na joto lake lenyewe humaliza kazi. Wali huiva vizuri kwa njia hiyo. Maharage sharti yachemke kwanza kwa nguvu, kwa dakika zisizopungua 10, ili madhara yake yaondoke, na yakitoka kikapuni yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Hapa pana fundisho la nyumba pia. Kikapu chaweza kuzibwa pande zote, kwa sababu sufuria haipumui. Watu hupumua.

Gesi haina moshi, na wengi wa Kitengela wameanza kuitumia kwa mitungi midogo ya kilo 6. Bei yake imepanda na kushuka pamoja na kodi: kodi iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 mwezi wa Julai 2021, ikapunguzwa kuwa asilimia 8 mwaka 2022, na kuondolewa tena mwaka 2023. Mafuta ya taa nayo yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwezi wa Septemba 2018. Mwenye busara huweka akiba ya mtungi kidogo kidogo, asije akarudi kwenye makaa kila bei inapopanda. Lakini gesi nayo ina adabu yake. Ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hulala sakafuni. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Ikisikika harufu yake, mlango na madirisha yafunguliwe, mtungi ufungwe, wala mtu asiwashe kitu chochote.

Habari ya umeme ni hesabu. Mwezi wa Mei 2015 malipo ya kuunganishiwa umeme yalipunguzwa kutoka shilingi 35,000 kuwa shilingi 15,000, na nyumba nyingi maskini zikapata taa. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba iliyotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi ilitozwa bei ya chini kuliko nyingine. Sasa pigeni hesabu. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula uniti moja na theluthi hivi. Mwenye taa mbili za zamani ametumia uniti 18 kwa mwanga peke yake, na mwenye mbili mpya hazifiki 3. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa. Kwa hiyo nguo zipigwe pasi zote kwa pamoja, si moja moja kila asubuhi.

Na kule manyatani ambako nyaya hazijafika, taa ndogo ya jua imewaondolea wengi koroboi, ambayo hutoa mwanga hafifu na masizi mengi, na kuangushwa na watoto.

Kazi ya pamoja

Mtu aweza kuuliza, ni nani atakayelipa? Nchi nyingine zimejibu kwa namna zake. Katika Marekani, tangu mwaka 1976, serikali ina mpango wa kutuma mafundi kuzitengeneza nyumba za watu maskini ili zihifadhi joto. Na hata huko, ambako baridi ni ya theluji, mafundi hao hawazibi tu na kuondoka. Hupima kwanza kama majiko na matanuri yanatoa sumu, na kuhakikisha ya kuwa nyumba ina hewa ya kutosha. Nchi tajiri nazo zilijifunza kwamba ziko nyufa za kuacha.

Lakini Kenya ina mfano wake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa sehemu za katikati ya Kenya walijiunga katika vikundi vilivyoitwa vya mabati. Kila mmoja alitoa fedha kidogo, na zamu kwa zamu nyumba ya mmoja wao iliondolewa nyasi na kuezekwa mabati, mpaka wote wakawa na mapaa mapya. Haba na haba hujaza kibaba. Kinachowezekana kwa bati chawezekana kwa dari, kwa dohani, kwa mtungi wa gesi na kwa taa ya jua. Chama cha wapangaji 10 wa ploti moja ya Kitengela chaweza kununua blanketi 10 kabla ya Juni. Kikundi cha akina mama wa Kajiado chaweza kumwita fundi mmoja wa bati atengeneze dohani nyingi kwa pamoja, na bei ya kila moja itapungua.

Na iko kazi moja isiyohitaji senti hata moja. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mwenye nyumba na ainue macho atazame juu ya ukuta wake. Akikuta tambara limeziba tundu la hewa, na aliondoe. Kisha atazame chini. Akikuta jiko la makaa ndani, na alitoe nje, hata likiwa na cheche moja. Watoto wafunikwe vizuri, na mlango ufungwe. Nyumba iliyotunzwa hivyo itaizuia mvua na baridi, na asubuhi majirani wakigonga mlango, wataitikiwa.